Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: Turudishieni saa ya kula

Kwa Mkurugenzi Mtendaji na Wajumbe wa Bodi,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SAA YA CHAKULA CHA MCHANA NA AFYA ZA WAFANYAKAZI WA IDARA YA MIFUMO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhandisi wa programu katika idara yako ya mifumo ya malipo, huu ni mwaka wangu wa sita. Nimekuandikia barua pepe mara mbili. Nimekaa kikao kimoja na idara ya rasilimali watu. Mwezi wa sita tuliweka sahihi watu kumi na mmoja kwenye barua moja. Jibu tulilopata ni waraka wa kurasa mbili wa ushauri wa lishe: tunywe maji glasi nane kwa siku, tupunguze chumvi, tusiache kunywa chai asubuhi. Niliusoma mara tatu nikitafuta mahali panapozungumzia muda wa kula, sikupaona. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu sina nia ya kuivunjia heshima, na kwa sababu zipo ofisi nyingi kuanzia Posta hadi Mwenge zenye hali kama yetu. Wewe ukisoma utajua kuwa ni barua yako.

Ninalotaka kusema ni moja. Sisi tunajua kula. Tumekulia majumbani ambamo mboga hazikosekani na mtu akikukuta unakula unamwambia "karibu". Tunakula hovyo kwa sababu kazi ilivyopangwa imemeza saa ya chakula, na pale ilipokuwa saa hiyo sasa kuna msongo, biskuti na soda.

Niruhusu nianze na hotpoti yangu.

Naishi Tabata na mama yangu. Kila siku huamka saa kumi na moja alfajiri kunifungia chakula: wali wa nazi, maharage, mchicha, na siku nyingine kipande cha changu wa kukaanga. Tarehe 25 ya mwezi wa tano, siku ambayo wateja wetu wengi hulipa mishahara, nilirudi nyumbani saa nne na nusu usiku. Mama akaichukua hotpoti kwenye mkoba akaioshe. Alipofungua kifuniko, harufu ya nazi iliyochacha ikajaa jikoni. Kijiko kilikuwa bado kimeviringishwa kwenye tishu kama alivyokiviringisha yeye. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huko kazini hakuna watu wanaokula?" Nikamwambia nimekula.

Na kweli nilikuwa nimekula. Saa tisa alasiri pakiti nzima ya biskuti. Saa kumi na moja soda, kisha kinywaji cha kuongeza nguvu. Saa mbili usiku dereva wa bodaboda alituletea chipsi mayai, zimeshalowa ndani ya mfuko. Nilizila kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa kwenye kipanya, na aliyelelewa pwani anajua hilo lina uzito gani. Sikumbuki ladha yake. Nakumbuka kwamba nilipomaliza nilikuwa bado natafuta kitu cha kutafuna.

Hiyo haikuwa siku ya ajabu. Dada anayetufanyia usafi aliniambia kuwa akiingia asubuhi huijua wiki yetu ilivyokwenda kwa kuangalia ndoo za taka. Wiki ya kawaida ndoo zina karatasi na maganda ya ndizi. Wiki ya kutoa toleo jipya la mfumo anatoa mifuko miwili ya chupa na makopo, na vifuko vya chipsi vimebanwa nyuma ya kompyuta. Mtu ambaye hahudhurii kikao chetu hata kimoja anaujua msongo wetu kuliko ripoti unazoletewa.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yetu.

1. Saa ya kula imechukuliwa, na hakuna aliyetia sahihi kuichukua.

Hakuna tangazo lililotolewa. Kilichotokea ni kwamba miaka miwili iliyopita mtu mmoja aliweka kikao saa saba mchana, kwa maelezo kuwa huo ndio muda ambao kila mtu yuko huru. Tulikuwa huru kwa sababu tulikuwa tunakwenda kula. Kikao hicho kikawa cha kila wiki, kikafuatiwa na cha pili. Leo kalenda ya idara ina vikao vinne kwa wiki kati ya saa saba na saa nane. Siku ya tano tunakaa tukisubiri simu, maana mfumo ukigoma mchana kila mtu anatafutwa, hata asiyehusika na sehemu iliyogoma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inataka mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Inaruhusu kumfanyisha mtu kazi ndani ya mapumziko hayo pale tu ambapo kazi haiwezi kuachwa bila mwangalizi, au haiwezi kufanywa na mfanyakazi mwingine. Idara yetu ina watu kumi na wanne. Wawili wakibaki kuangalia mfumo, kumi na wawili wanaweza kwenda kula, na hao wawili wakaja kula baadaye. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kulipia mapumziko, isipokuwa kama mfanyakazi alitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi katika muda huo. Sisi tumekuwa tayari kwa kazi kila mchana kwa miaka miwili, na mkataba unaandika saa hiyo kama mapumziko.

Nyuma ya jengo letu, chini ya mwarobaini, kuna mama lishe. Nilipoajiriwa tulikuwa tunakwenda kwake kundi zima, tunakaa kwenye mabenchi, mnapewa ugali, dagaa na matembele, mnasimuliana ya nyumbani. Pale ndipo nilipofundishwa mambo mengi ya mfumo huu na waliotangulia, sikuyapata darasani. Sasa anatuuliza kama kampuni imepunguza watu. Kufika saa tisa ameshaosha masufuria, na sisi ndio kwanza tunatoka kikaoni.

2. Friji imejaa, na imejaa kisichofaa.

Unatugharamia soda, vinywaji vya kuongeza nguvu, biskuti na krispi bila kutukata hata senti. Najua ulifanya kwa nia njema na mwanzoni tulishukuru. Lakini mtu aliyekosa chakula cha mchana, mwenye hofu kwamba miamala ya wateja imekwama, atakula kilicho karibu na mkono wake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inavuka kiwango hicho cha pili peke yake. Siku ya mishahara nakunywa tatu.

Nimejitahidi kuelewa kwa nini nakunywa tatu siku hiyo na sinywi hata moja Jumapili. Mtu akishtuka, mwili humwaga adrenalini na njaa hukimbia. Ndiyo maana mfumo ukianguka saa sita mchana hakuna anayekumbuka hotpoti. Adrenalini haikai sana. Msongo usipokwisha, tezi zilizo juu ya figo huendelea kutoa homoni ya kortisoli, nayo huamsha hamu ya kula, hasa vitamu na vyenye mafuta, kana kwamba mwili umetoka kwenye mbio za kuokoa maisha na unataka kujaza tena akiba. Sisi hatukukimbia popote. Tulikuwa tumekaa kwenye viti. Akiba inajazwa juu ya akiba.

Si kila mtu anaumia kwa namna moja. Mimi nilikuwa na kilo 63, sasa nina 77, na mwezi uliopita zahanati walinipima presha wakakuta imepanda, 148 kwa 96. Jirani yangu wa meza amekwenda kinyume: msongo umemfunga tumbo. Anakunywa kahawa vikombe sita, anatafuna karanga, mkanda wa suruali ameutoboa upya mara mbili mwaka huu. Watu wanamsifu kwamba amepungua. Amepungua kwa sababu akiweka tonge mdomoni simu ikilia analitema kwenye tishu. Nimeona kwa macho yangu.

3. Kazi za usiku.

Toleo jipya la mfumo hutolewa usiku wa Alhamisi ili wateja wasisumbuliwe. Hilo nalielewa. Nisiloelewa ni kwa nini walewale waliokesha hutakiwa kwenye kikao cha tathmini Ijumaa saa tatu asubuhi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2004 matokeo ya kuwalaza vijana wa kiume wenye afya saa nne tu kwa usiku, siku mbili mfululizo. Leptini, homoni inayouambia ubongo kuwa tumeshiba, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, inayoleta njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Hao walipunguziwa usingizi siku mbili tu. Sisi tuna miaka.

Sheria inamtaka mwajiri atoe mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Sijawahi kuiona nyongeza hiyo kwenye hati yangu ya mshahara. Tunachopewa ni piza.

4. Wenzetu wanaofunga.

Mwezi wa Ramadhani uliopita kikao cha wateja wa nje kiliwekwa saa kumi na mbili na nusu jioni, wiki tatu mfululizo. Kaka mmoja wa timu yetu alifuturu kwa tende mbili na maji ya chupa, kipaza sauti amekizima, macho kwenye kioo asije akaulizwa swali. Kuna siku aliulizwa akiwa na tende mdomoni. Alijibu. Futari aliyoandaliwa na mkewe aliikuta saa tatu usiku. Hakulalamika, nami sikumwomba ruhusa ya kumtaja kwa jina, kwa hiyo simtaji. Ila nilikuwa nimekaa kando yake na nilijisikia vibaya kwa niaba yetu sote.

5. Siku ya afya.

Mwezi wa nane mlituletea mizani na watu wa kupima, wakatupima uzito ukumbini, foleni moja, namba zikitajwa kwa sauti. Dada wawili walikwenda chooni kumwaga machozi. Baada ya hapo mmoja wao akaacha kabisa kula mbele ya watu. Sasa hula akiwa ndani ya gari, kwenye maegesho, gizani.

Ndugu Mkurugenzi, najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu nimeshayasikia.

Tutaambiwa sisi ni watu wazima na hakuna aliyetuzuia kula. Ni kweli hakuna aliyefunga mlango. Lakini mwezi wa nne kijana mmoja aliinuka kwenye kikao cha saa saba akasema anakwenda kula, na tathmini yake ya nusu mwaka ikaandikwa kwamba hana moyo wa kujituma. Idara nzima iliipata habari hiyo kabla ya jioni. Tangu siku hiyo hakuna aliyeinuka.

Tutaambiwa mishahara yetu ni mizuri kuliko ya wengi mjini. Ni mizuri, na tunashukuru. Baadhi yetu tumeanza kuipeleka kwa daktari.

Tutaambiwa kazi ya teknolojia ndivyo ilivyo duniani kote. Kwenye kikao cha rasilimali watu tulitajiwa California, kitovu cha kampuni za teknolojia huko Marekani. Ningeomba Ufaransa nayo itajwe, kwani huko tangu Januari 2017 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutotafutwa kwa simu na barua pepe nje ya saa za kazi. Na huko duniani kote, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa mwaka 2021 makadirio ya pamoja kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Sheria yetu inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Wiki ya mwisho ya mwezi wa tano niliandika saa zangu kwenye daftari: zilifika 61.

Na tutaambiwa mteja hasubiri. Hili ndilo jibu ninaloliheshimu zaidi, kwa sababu najua nyuma ya kila muamala uliokwama kuna mtu amesimama kwa wakala anasubiri hela ya dawa. Sitaki mtu huyo asubiri. Lakini kosa kubwa tulilofanya mwaka huu, lile la kuwalipa baadhi ya wateja mara mbili, lilifanyika saa kumi jioni na mtu ambaye hakuwa ametia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. Aliyekosea ni mimi. Nilisoma mstari mmoja wa programu mara nne na sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Siku mbili nzima za watu wanane zilitumika kurekebisha. Saa moja ya ugali na matembele ingekugharimu kidogo kuliko hapo.

Kwa hiyo tunaomba haya:

Kwanza, kalenda ya kampuni ifungwe kuanzia saa saba hadi saa nane mchana, asiweze mtu yeyote kuweka kikao humo, wakiwemo wakuu wa vitengo na wewe mwenyewe. Mfumo uangaliwe na watu wawili kwa zamu, nao wale saa nane hadi saa tisa. Mfumo ukigoma mchana watafutwe hao wawili, na wakishindwa wao ndio wamwite mtu wa tatu.

Pili, aliyekesha Alhamisi asionekane ofisini Ijumaa kabla ya kutimiza saa zake 12 za kupumzika, na saa za usiku na za ziada zilipwe kama sheria inavyosema.

Tatu, fedha za soda na krispi zihamishiwe kwenye chakula kilichopikwa. Mama lishe yuko hatua hamsini kutoka mlangoni na ana uwezo wa kupikia watu arobaini, nimemuuliza. Soda chache zibaki kwa anayezitaka, na kando yake yawepo maji, ndizi, na maembe wakati wa msimu wake.

Nne, wakati wa Ramadhani pasiwe na kikao baada ya saa kumi na moja jioni.

Tano, vipimo vya afya vifanyike faragha, na majibu yabaki kati ya mtu na daktari wake. Aliyetupangia foleni ile ya mizani awaombe radhi wale dada wawili. Hili la tano halina gharama yoyote, na ndilo ningependa lianze.

Tunaomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Tusipoyapata tutapeleka suala la saa za kazi kwa afisa kazi, na suala la afya kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Nasema hili bila kutisha. Mlango wa ndani tumeubisha tangu mwezi wa kwanza, na tungependa zaidi ufunguliwe huo.

Jedwali la zamu za mchana nimeshalichora. Lina majina yote kumi na manne, wiki nne, na hakuna anayekosa chakula hata siku ya mishahara. Nimelituma kwenye barua pepe yako asubuhi hii pamoja na nakala ya barua hii.

Jumatatu, saa saba mchana, nitakuwa chini ya mwarobaini nyuma ya jengo na hotpoti yangu. Wenzangu saba wamesema watakuja. Mabenchi yapo ya kutosha. Karibu tule.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa programu,
Idara ya Mifumo ya Malipo.

Nakala: Wajumbe wote wa Bodi.
Nakala: Mkuu wa Rasilimali Watu.